Siku Kumi na Mbili za Kambi ya Triathloni Nungwi

Siku ya 1, Jumamosi

Niliondoka nyumbani kwetu Likoni, Mombasa, kabla ya adhana ya alfajiri, nikiwa na begi la nguo, pasipoti ya Afrika Mashariki ambayo ilikuwa haijagongwa muhuri hata mmoja, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na boksi kubwa lililobeba baiskeli niliyoazimwa na mlezi wa timu yetu. Mama alinisindikiza hadi kituo cha basi, akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua, kisha akaniuliza kwa mara ya tatu au ya nne tangu mwaliko ufike: "Huko baharini kutakuwa na watu wa kuwaangalia?" Nilimjibu kwamba watakuwapo. Sikumlaumu kwa kuuliza. Nina umri wa miaka 18, nimekimbia mbio za shule tangu darasa la tano, nimeendesha baiskeli kwa miaka miwili, na nyumba yetu haiko mbali na ufukwe. Hata hivyo sikufundishwa kuogelea hadi nilipotimiza miaka 16. Kaka zangu walijifunza wenyewe kwa kurukaruka majini pamoja na wenzao, na sisi wasichana tulikaa juu ya mchanga tukiwashikia nguo. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za pwani ninazozijua, na ni jambo linaloniuma, kwa sababu triathloni huanzia majini, na asiyejua kuogelea haioni hata baiskeli yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, masafa yake ya Olimpiki ni kuogelea mita 1,500, kuendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10, vyote kwa mfululizo na saa ikiendelea kuhesabu hata wakati wa kubadilisha viatu. Vijana wengi huanza na nusu ya masafa hayo, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, na hayo ndiyo tuliyoitiwa kambini.

Tulivuka mpaka Lunga Lunga bila tabu, tukaingia Horohoro, tukapita Tanga na mashamba yake ya mkonge, na usiku ulikuwa umeingia tulipofika Dar es Salaam. Boksi langu lilikuwa limesafiri chini ya magunia njia nzima, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulalamika.

Siku ya 2, Jumapili

Boti ya asubuhi ilitufikisha Malindi, bandari ya mjini Unguja, kwa muda usiozidi saa mbili. Mwenyeji wetu alikuwa akinisubiri nje ya bandari, na kabla hatujapakia chochote kwenye gari nilifungua boksi, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nikiwaza yale magunia. Fremu ilikuwa salama na magurudumu yalizunguka sawasawa, lakini kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Anayejua baiskeli anajua maana yake: ukiweka gia nyepesi kabisa, chuma kinaingia kwenye spoki na gurudumu linavunjika ukiwa mwendoni.

Mwenyeji alinipeleka kwa fundi mmoja wa baiskeli nyuma ya soko la Darajani, mzee aliyekaa kwenye kigoda chini ya turubai, ambaye aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwenye tyubu aliyokuwa akiitia kiraka. Alipomaliza aliigeuza baiskeli yangu miguu juu, akafungua kibadilisha gia, akakunja chelewa ya ufagio na kuikata kwa urefu wa kutoka kwenye kile kipande hadi kwenye rimu. Akalizungusha gurudumu na kupima juu, chini, mbele na nyuma kwa chelewa ile ile, na kila alipoona inagusa upande mmoja na kuacha nafasi upande mwingine, aliingiza fimbo ndefu ya chuma na kusukuma kidogo sana, kiasi ambacho jicho langu halikuona kitu kikisogea. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa. Alipomaliza alinitazama kwa mara ya kwanza na kuniambia: "Mwanangu, alumini huipindi mara mbili. Hii imenyooka leo. Ikipinda tena, nunua nyingine, usimruhusu mtu aijaribu." Alichukua pesa ndogo kuliko nilizotegemea. Niliihifadhi ile chelewa ndani ya begi langu la vifaa.

Tulifika Nungwi jioni, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa. Tuko vijana 14 kutoka Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, wasichana sita na wavulana wanane. Chumba changu ninashirikiana na binti wa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 17, mpole, ambaye hadi tunazima taa hakuwa amesema zaidi ya sentensi kumi.

Siku ya 3, Jumatatu

Ratiba iliyobandikwa ukutani haikuwa na saa za mazoezi ya majini. Mahali pa saa paliandikwa tu "maji yakijaa" au "maji yakipwa", na kocha alitueleza sababu. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa katika bamvua: maji yalijaa kabisa karibu na alfajiri na yangepwa kabisa kiasi cha saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa nyakati kama hizo katika maji ya Unguja huweza kukaribia mita nne. Kila siku wakati husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja yangekuja maji mafu, bahari ingetulia, na hapo ndipo tungepelekwa mbali na ufukwe. Nimeishi kando ya bahari maisha yangu yote na maneno haya nimeyasikia kwa wavuvi tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona mtu akiyaandika kwenye ratiba ya michezo.

Saa kumi na mbili na nusu tuliingia majini kwa jaribio la mita 400 kati ya maboya mawili. Nilitumia dakika 10 na sekunde 50, nikawa wa mwisho miongoni mwa wasichana. Kocha alisimama majini hadi kifuani akinitazama, kisha akaniita kando. Aliniambia kwamba naogelea huku kichwa kikiwa juu, kama mtu anayemtafuta mwenziwe sokoni. Kichwa kikipanda miguu inazama, na miguu ikizama mwili mzima unakuwa kama mlango unaosukumwa dhidi ya maji. Maneno hayo yaliniumiza, kwa sababu nilijua kwa nini kichwa changu kiko juu. Naogopa kuuweka uso wangu majini mahali nisipoona chini.

Siku ya 4, Jumanne

Hatukuogelea hata mita mia kwa mfululizo. Kwa saa nzima mimi na wenzangu watatu tulielea kifudifudi katika maji ya kiunoni, mikono imenyooka mbele, tukitoa pumzi polepole puani hadi mapovu yaishe, kisha tukisimama na kuanza tena. Kocha alisisitiza kwamba tatizo la waogeleaji wengi wanaoanza si kuvuta pumzi bali kutoitoa: mtu huibana kifuani, na anapogeuza uso kuvuta nyingine hakuna nafasi ya kuiweka, basi huhisi anakabwa na kuanza kutapatapa. Baadaye tulifanya zoezi la mkono mmoja kubaki mbele hadi mwingine uufikie, ili mwili ujifunze kuteleza. Kufikia mwisho nilihisi, kwa mara ya kwanza, visigino vyangu vikigusa hewa.

Niandike hapa jambo la mavazi, kwa kuwa najua wapo wazazi watakaotaka kulijua. Mimi na wasichana wengine wanne tunaogelea kwa vazi linalofunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, pamoja na kofia inayofunika nywele na shingo, na kanuni za kimataifa za triathloni zinaruhusu mavazi ya kusitiri ya namna hiyo. Hapa Nungwi si jambo geni, kwani mradi wa Panje ulianza kufundisha kuogelea mwaka 2011, na wasichana wa kijiji hiki wamejifunza wakiwa wamevaa mavazi yao ya heshima. Lile vazi la mpira la kuzuia baridi ambalo wanamichezo wa Ulaya hulivaa halina kazi katika maji ya Unguja, ambayo hata wakati huu wa upepo wa kusi ni ya uvuguvugu.

Siku ya 5, Jumatano

Baiskeli asubuhi, kilomita 20 za kupima barabara na breki, na mbio nyepesi jioni juu ya mchanga mgumu ulioachwa na maji. Gia zangu zilibadilika bila kelele. Nilimkumbuka yule mzee wa Darajani.

Siku ya 6, Alhamisi

Leo ilikuwa siku ya mpito, yaani yale makutano mawili ya kutoka majini kwenda kwenye baiskeli na kutoka kwenye baiskeli kwenda kwenye mbio. Nilidhani ni jambo dogo la kujifunza kwa dakika chache, kumbe tulilifanyia kazi kuanzia saa mbili hadi karibu na adhuhuri.

Kocha alifunga kamba kati ya minazi miwili tukatundika baiskeli zetu kwa siti, akachora mstari mmoja mchangani mita thelathini mbele. Sheria ni hizi: hugusi baiskeli kabla helmeti haijakaa kichwani na kufungwa chini ya kidevu, hupandi baiskeli kabla ya kuvuka mstari, ukirudi unashuka kabla ya mstari, na helmeti huifungui hadi baiskeli itundikwe mahali pake. Ukikosea unaadhibiwa kwa kupoteza sekunde, na mashindano mengi hupotea hapo. Mara ya kwanza nilitumia dakika 3 na sekunde 40, nyingi kati ya hizo nikipambana na kamba za viatu kwa vidole vilivyolowa. Mara ya pili nilisahau kufunga helmeti. Kisha binti wa Wete, ambaye mikono yake ni myepesi mno, akanionyesha alivyopanga vitu vyake: ndoo ndogo ya maji ya kuosha mchanga miguuni kushoto, taulo iliyokunjwa mbele ya gurudumu, viatu vimefunguliwa midomo na kamba zake zimebadilishwa kwa mpira wa kiunoni alioununua kwa fundi cherehani wa kwao, na helmeti imewekwa juu chini kwenye usukani, mikanda yake ikining'inia nje, ili akiichukua ikae kichwani kwa mwendo mmoja. Nilimwomba kipande cha ule mpira, akanikatia kwa meno. Jaribio langu la saba lilikuwa dakika 1 na sekunde 58.

Mchana tuliunganisha baiskeli na mbio bila kupumzika, na hapo nilijifunza jinsi miguu iliyokuwa ikizungusha pedeli inavyokataa kuwa miguu ya mkimbiaji. Mita mia tano za mwanzo unahisi umevaa viatu vya udongo. Dawa yake ni kupunguza gia katika kilomita ya mwisho na kuzungusha pedeli haraka, kisha kuanza mbio kwa hatua fupi hadi mwili ukumbuke.

Siku ya 7, Ijumaa

Siku ya mapumziko, na ya Sala ya Ijumaa. Asubuhi nilitembea na wenzangu hadi upande wa mnara wa taa, ambako mafundi wa Nungwi hutengeneza majahazi na ngalawa kwa tezo na keekee, jinsi walivyorithi. Kocha alizungumza hapo na nahodha wa ngalawa atakayetusindikiza kesho.

Jioni tulikaa ukumbini na kocha akatuhadithia chanzo cha mchezo wetu. Mwaka 1974 una mambo mawili, alisema. Mwezi Februari Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza kuanzia mwanzo hadi mwisho mbio za mita 1,500 mjini Christchurch na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, na mwezi Septemba, huko San Diego nchini Marekani, watu 46 walishindana katika tukio linalohesabiwa kuwa triathloni ya kwanza ya kisasa. Mchezo uliingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney. Afrika Mashariki iliendelea kukimbia na haikujishughulisha sana na ule mchezo mwingine, ingawa theluthi yake moja ni mbio tunazozijua kuliko yeyote, na theluthi nyingine ni bahari iliyoko mlangoni petu.

Kisha akatutajia Flora Duffy wa Bermuda, aliyeshinda dhahabu ya wanawake katika Olimpiki ya Tokyo mwezi Julai 2021, ambayo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Bermuda ina watu wasiofika elfu sabini, na eneo lake halifiki hata sehemu ya kumi ya eneo la Pemba, ambayo ina watu zaidi ya nusu milioni. Binti wa Wete, aliyekuwa akishona mpira kwenye kiatu chake, aliacha sindano. "Ndogo kuliko Pemba?" aliuliza. Kocha akamwambia, ndogo sana kuliko Pemba. Hakusema neno jingine, lakini usiku aliniomba nimtafutie picha za mbio hizo kwenye simu yangu, akazitazama mara mbili.

Siku ya 8, Jumamosi

Hii ndiyo siku iliyonifanya niamue kuandika.

Maji yalikuwa mafu. Yangejaa karibu na saa nne asubuhi, mkondo ulikuwa dhaifu, na kusi haikuwa imeamka bado. Mpango ulikuwa kwenda mita 300 nje, mita 400 sambamba na ufukwe, na mita 300 kurudi, ngalawa ikiwa upande mmoja na boti ya injini upande mwingine, kila mmoja wetu akiwa na kofia ya rangi ya kung'aa. Kabla hatujaingia, nahodha, mtu mzima wa miaka sitini au zaidi, alimwomba kocha nafasi ya kusema. Alitugeuza tukaitazama nchi kavu. "Mnauona mnazi ule uliopinda? Na nyuma yake mnaliona paa la makuti lenye ncha? Sasa hivi vimekaa mstari mmoja. Mkirudi, vitafuteni hivyo viwili. Mnazi ukienda kushoto kwa paa, ujue maji yamekupeleka kulia. Vikikaa pamoja, uko njiani." Wavuvi wa kwetu Likoni huyapata maeneo yao ya kuvulia kwa njia hiyo hiyo, na nimewasikia wakitaja alama zao mara nyingi nikipita ufukweni, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na mimi naweza kuzitumia nikiwa ndani ya maji.

Mita mia mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Chini palikuwa na mchanga mweupe na mistari ya mwanga, kisha majani ya bahari, kisha rangi ikageuka kutoka kijani hadi buluu nzito na chini kukapotea. Wimbi dogo lilinijia wakati nimefungua kinywa kuvuta pumzi. Nilimeza maji ya chumvi, kichwa kikapanda, miguu ikazama, na ule mlango aliousema kocha ukarudi. Nilinyoosha mkono, nikaushika ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, nikaanza kulia nikiwa nimevaa miwani ya kuogelea, ikajaa machozi ndani.

Nahodha hakuniinua. Aliilegeza tanga, akainama na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tulia, mwanangu. Ngalawa haina haraka." Kocha, aliyekuwa kwenye boti, alipiga kelele kunikumbusha kanuni ambayo nilikuwa nimeisoma na kuisahau: muogeleaji anaruhusiwa kushika boya au chombo ili apumzike, mradi kisimsogeze mbele. Kwa hiyo nilikuwa bado naogelea, hata kwa mujibu wa sheria. Nilimwaga machozi kutoka kwenye miwani, nikaweka uso majini nikiwa bado nimeshika ubao, nikatoa pumzi hadi mapovu yakaisha, mara moja, mara mbili, mara kumi. Kisha nikaachia.

Katika mita 300 za kurudi nilihesabu mikono minane, nikainua macho tu bila kuinua kichwa, nikautafuta mnazi. Ulikuwa kushoto kwa paa. Nikasogea kushoto. Mikono minane tena. Ukakaribia. Nilipogusa mchanga, mnazi na paa vilikuwa kitu kimoja, na sikumbuki kama niliogopa tena, kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kufanya.

Usiku binti wa Wete alinieleza habari zake gizani. Alikuwa mtoto mdogo usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama katika maji haya ya Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu wa ukoo wa mama yake walikuwamo. Tangu hapo, kila akipanda boti kupita hapa hukaa ndani, karibu na ngazi, amefumba macho mpaka avuke. Nilimuuliza mama yake alikubalije aje kuogelea mahali hapa hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama ndiye aliyejaza fomu. Alimwambia, sisi watu wa Pemba hatuwezi kuacha kupanda vyombo, basi nenda ukajifunze.

Siku ya 9, Jumapili

Baiskeli ndefu hadi Kinyasini na kurudi, zaidi ya kilomita 50. Kusi ilitupiga usoni njia yote ya kwenda kusini, na kocha akatufundisha kuendesha kwa mstari, gurudumu la mbele karibu na la nyuma la mwenzako, anayeongoza akishika upepo kwa dakika moja kisha akijitoa kulia na kurudi nyuma ya foleni. Aliye nyuma huokoa nguvu hadi kiasi cha theluthi moja, na katika mashindano ya masafa ya Olimpiki ya wanamichezo wa ngazi ya juu jambo hili linaruhusiwa. Tulipisha daladala na magari ya ng'ombe, na watoto waliotoka chuo cha Kurani walitushangilia. Kurudi kaskazini upepo ulikuwa mgongoni, na kwa kilomita kadhaa niliisikia cheni yangu peke yake.

Tulipimwa uzito kabla na baada. Nilikuwa nimepungua kilo 1.4 ingawa nilikunywa chupa mbili, maana yake nilipoteza lita 1.4 zaidi ya nilizokunywa. Kwa zoezi refu kama hili mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na kocha haoni sababu ya kununua vipakiti vya nje wakati tuna tende na ndizi. Bi mkubwa wa jikoni alitupokea kwa madafu, chumvi kidogo ndani yake, na sahani ya mihogo ya nazi ambayo nimeahidi kumwelezea mama.

Siku ya 10, Jumatatu

Mazoezi mepesi na usingizi wa mchana.

Siku ya 11, Jumanne

Jaribio la mwisho, masafa mafupi kamili. Tulianza saa mbili asubuhi maji yakiwa yanajaa polepole, vijana 14 kwenye mstari mmoja wa mchanga. Mwanzoni nilipigwa teke begani na mkono mmoja ukanivua miwani nusu. Niliogelea chali mikono mitatu, nikairekebisha, nikageuka. Mnazi na paa havikuonekana kutoka upande tuliopangiwa leo, kwa hiyo tangu alfajiri nilikuwa nimesimama ufukweni na kujichagulia vyangu: nguzo ya umeme, na nyuma yake mti wa mkungu.

Kuogelea kulinichukua dakika 18 na sekunde 50, ambayo kwa kila mita mia ni haraka kwa zaidi ya sekunde kumi kuliko siku ya jaribio la kwanza, ingawa masafa yalikuwa karibu maradufu. Mpito wa kwanza, dakika 2 na sekunde 5, kwa sababu vidole vilitetemeka kwenye kifungo cha helmeti. Baiskeli, dakika 43 na sekunde 30. Mpito wa pili, dakika 1 na sekunde 8, kwa hisani ya mpira wa kiunoni. Mbio za kilomita 5, dakika 24 na sekunde 40, ambazo ni polepole kwangu, lakini nilizikimbia nikiwa nimechoka kwa haki. Jumla, saa 1, dakika 30 na sekunde 13, na nafasi ya tatu kati ya wasichana sita. Binti wa Wete alitoka majini mbele ya wasichana wote na wavulana watano. Alipitwa barabarani, hakujali. Alipomaliza alikaa kwenye maji ya kifundoni kwa muda mrefu, akiielekeza sura yake kwenye mlango wa bahari wa Pemba.

Kocha alinipa programu ya wiki kumi ya kufuata nyumbani, yenye siku tatu za kuogelea kwa wiki, na pale juu ameandika kwa mkono: "Kwanza kaa na wavuvi wa kwenu, wakuonyeshe alama."

Siku ya 12, Jumatano

Nilifunga baiskeli mwenyewe safari hii. Niliondoa kibadilisha gia, nikakizungushia kanga, nikaweka kipande cha mbao pembeni mwa fremu ili mzigo ukiwekwa juu uegemee mbao, na chelewa ya mzee nikaibandika kwa utepe ndani ya boksi.

Bandarini Malindi boti ya Pemba ilitangulia kuondoka kabla ya yangu ya Dar es Salaam. Tuliagana na mwenzangu kwenye foleni, akanipa mpira wote uliobaki, nami nikampa miwani yangu ya akiba. Abiria walipanda, mizigo ikapakiwa, milango ikafungwa. Nilitafuta kwenye vioo vya chini karibu na ngazi, mahali alikoniambia hukaa, sikumwona. Boti ilipogeuza kuelekea kaskazini ndipo nilipouona mtandio wake wa kijani juu kabisa, nje, kwenye ukingo wa mbele, amesimama.